Kiti Hakitoki Kabla Fundi Hajakikalia

9 Februari

Mke wangu mdogo,

Pokea salamu za mumeo, ambaye uzee unamkaribia lakini bado haujamkuta nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto limeanza kulia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Bibi yako, mke mwenzio, naye mzima. Anauliza kama ile shali yake ya bluu uliyoondoka nayo inakupasha joto vizuri, maana yeye huku anasikia baridi. Mama cherehani wa jirani kajifungua mapacha, na mume wake bado anatembea mtaani kama mtu aliyepigwa na butwaa.

Usinipigie simu. Unajua masikio yangu nimeyaacha kwenye grinda, na kila ukipiga naishia kusema ndiyo, ndiyo, kwa maneno nisiyoyasikia. Mara ya mwisho nilisema ndiyo, kumbe ulikuwa unaniuliza kama nimelazwa. Andika.

Sasa jambo lenyewe. Nimekipaka rangi upya kibao cha karakana. Unakumbuka kilisema MAGETI, MADIRISHA, VITANDA, VITI. Nimeongeza NA NDEGE, kwa kuwa wewe umeingia kiwanda cha ndege. Chini yake, kwa herufi ndogo ili nisiwe mwongo, nimeandika: kupitia mjukuu. Yule seremala wa ng'ambo ya barabara alivuka na kikombe chake cha chai, akasoma, akacheka mpaka chai ikamwagika. Akaniuliza, "Ndege gani, na sehemu gani ya ndege?" Nikamwambia mabawa. Hebu niambie haraka kama ni mabawa, maana nimeshasema.

Viti vya ukumbi wa shule nimevimaliza wiki hii. Vyote nimevikalia na kuruka mara tatu juu ya kila kimoja, kwa sababu hapa kwetu kiti hakitoki kabla fundi hajakikalia. Hiyo ilikuwa kazi yako tangu una meno ya utoto. Siku hizi naruka mwenyewe, wateja wanacheka, goti linanung'unika.

Nijibu upesi. Seremala anasubiri.

Mumeo halali,
Babu

2 Machi

Mume wangu mzee,

Shikamoo, kisha punguza kujisifu. Mimi sijambo. Shali ya bluu inanipasha joto vizuri sana, mwambie Bibi ahsante kwa kunipa. Chumba changu kiko juu ya duka la kufulia nguo, kwa hiyo sakafu ina uvuguvugu mchana kutwa na dirishani kunanukia sabuni. Jirani yangu anajifunza tarumbeta. Anajua wimbo mmoja, na kila siku anakosea palepale, mpaka siku akipatia nadhani nitashtuka.

Kazi yangu, Babu, ungeiona ungesinzia. Hakuna cheche, hakuna moshi, hakuna miwani myeusi. Tunavaa koti jeupe na kofia ya wavu; nafanana na nesi aliyepotea njia. Tunachounga si chuma, ni plastiki ngumu yenye nyuzi za kaboni ndani yake. Ni nyeusi, na nyepesi mpaka ukiinua kipande unageuka kuangalia kama umeacha kingine mezani. Unaweka kimoja juu ya kingine, mkono wa mashine unapitisha koili ya shaba juu yake bila kugusa. Umeme unaamka ndani ya zile nyuzi, zinapata moto zenyewe, plastiki inayeyuka pale vipande vilipokutana na vinakuwa kitu kimoja. Hakuna gundi wala ribiti, na hutoboi hata tundu moja. Ndiyo maana ndege inakuwa nyepesi, ule uzito wa misumari umebaki ardhini.

Niko bado kwenye kipindi cha kupimwa. Kuna mkaguzi tunamwita Mama Kipimo, anatembea na tochi shingoni. Yeye ndiye atakayesema kama nabaki au narudi kukusaidia kuruka juu ya viti.

Kuhusu mabawa, mambo ya kiwanda yana siri zake. Mwambie seremala ni sehemu ambayo kila abiria anaitegemea tangu anapanda mpaka anashuka. Asiulize zaidi, na wewe usiulize zaidi.

Nimeweka humu vipande viwili vilivyokataliwa, uvisikie mkononi. Tafadhali USIVICHOMELEE.

Mkeo wa mbali

27 Machi

Mke wangu mdogo,

Salamu. Hapa kwetu ni salama upande mmoja wa nyumba. Bibi yako hajambo, nadhani. Kwa sasa mazungumzo yetu yanapitia kwa paka. Yeye anamwambia paka chakula kiko tayari, nami namwambia paka ahsante. Mapacha wa mama cherehani wanalia kwa zamu, mtaa mzima tumekonda.

Vipande vyako vimefika. Seremala alitaka kukivunja kimoja kwa goti lake, na sasa tunachechemea wawili barabara hii. Jibu lako nilimpa kama ulivyolisema, sehemu ambayo kila abiria anaitegemea. Akatazama juu angani. Nikasema si nilikwambia ni mabawa. Umenisaidia sana kwa kutosema.

Agizo lako nimeliheshimu, sikuvichomelea. Lakini ulisema vipande vile. Hukusema lolote kuhusu beseni. Kulikuwa na beseni la plastiki lenye ufa. Sisemi lilikuwa la nani. Kulikuwa pia na kifaa fulani cha umeme, bapa, chenye mpini, kinachopata moto vizuri. Hicho nacho sisemi cha nani. Kazi ilipendeza kwa muda. Niliyeyusha kiraka juu ya ufa, nikanyanyua kifaa, nikalitazama, nikajipongeza. Kesho yake likajazwa maji na mtu fulani aliyekuwa amevaa viatu vyake vizuri. Tuyaache hayo.

Swali la kitaalamu, naulizia rafiki: kwa nini plastiki ishikane leo na kuachana kesho?

Babu

Mke mwenzangu, huyu bwana ameenda kutafuta stempu, naandika haraka. Muulize pasi yangu iko wapi. Muulize pia kwa nini shati lake jeupe lina mistari ya kijani. Bibi.

15 Aprili

Mume wangu mzee, na Bibi, kama mnasoma pamoja,

Shikamooni nyote. Barua yenu niliisoma kwenye ngazi nikashindwa kupanda kwa kicheko. Mwenye tarumbeta alitoka kuuliza kama nimefiwa. Nimemweleza mwenye duka la kufulia, akasema pasi ikipoa mkwangue ile plastiki kwa kijiti cha mbao, msitumie bisibisi. Babu, najua umeshatumia bisibisi.

Mjibu rafiki yako hivi. Moto ndio sehemu rahisi. Kazi yote iko kwenye kubana. Ukishayeyusha unabana, na unaendelea kubana mpaka ipoe kabisa. Ukiachia mapema mapovu yanafura ndani, na unabaki na kitu kizuri nje, uongo mtupu ndani. Wewe ulinyanyua pasi ili ujipongeze. Huku Mama Kipimo anapitisha kifaa cha kuangalia ndani ya maungio, kama wanavyomwangalia mtoto tumboni, na povu moja tu linatosha kunirudisha nyumbani.

Mwezi ujao kipande changu kinawekwa kwenye mashine ya majaribio. Kikishika, nimekuwa fundi wa hapa. Kisiposhika, mtaniona mlangoni na sanduku. Nina hofu na sioni sababu ya kuificha. Niombeeni.

Mkeo wa mbali

20 Juni

Mke wangu,

Natumaini u mzima. Sisi wazima. Bibi yako ameanza kuzungumza nami tena, lakini ana sentensi moja tu: "Umemwandikia nini mtoto mpaka kanyamaza?" Sijamwandikia kitu. Tarishi nimemsumbua mpaka siku hizi anapita uchochoro wa nyuma.

Mwezi wa jaribio umepita na ulimi wako umepotea. Ukimpigia Bibi unaongea habari za hewa na sabuni, kisha unasema kuna mtu anagonga mlango. Hakuna mtu anayegonga mlango kila mara kwa wakati unaokufaa hivyo.

Kama kimevunjika, sema kimevunjika. Geti langu la kwanza lilimwangukia mteja akiwa amesimama analisifia, na mteja yule akarudi kununua la pili. Kibao cha karakana kinaweza kufutwa kwa tambara na mafuta ya taa. Wewe hufutiki. Nimekasirika kwa sababu naogopa, basi, nimekwisha kusema.

Babu

11 Julai

Babu yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Mimi mzima wa mwili, shali ya Bibi nzima, tarumbeta nzima kwa bahati mbaya.

Kilivunjika.

Nitakueleza na usimsomee seremala. Siku ya kuunga kipande cha jaribio kila kitu kilikwenda vizuri. Koili ikapita, kibanio kikabana, nikasubiri. Kibanio kilipofunguka kidogo, taa ya njano ilikuwa bado inawaka, maana yake katikati hakijapoa. Na mkono wangu, Babu, bila hata kuniuliza, ukachukua nyundo ndogo ya kurekebishia kibanio ukagonga, ko, ko, ko. Kisha nikainamisha sikio.

Ni wewe. Miaka yote umenifundisha ukimaliza kuunga, gonga ganda litoke, halafu sikiliza chuma kinasemaje. Plastiki haina ganda na haisemi kitu. Ilipasuka ndani kimya kimya. Mama Kipimo alikuwa nyuma yangu na tochi yake. Akaniuliza, "Unamgongea nani mlango?" Kiwanda kizima kilicheka. Kwenye mashine ya majaribio kikaachana kama beseni lenu, nami nikatolewa kwenye koili nikapewa tambara nisafishe kalibu za kuundia vipande. Nilishindwa kuandika. Ningeanzaje, na kibao chako kiko barabarani watu wanakisoma?

Lakini Mama Kipimo alinirudisha. Alisema fundi anayetaka kusikiliza kazi yake afadhali kuliko asiyejali, mradi mikono nikae nayo mfukoni mpaka taa ya njano izimike. Wiki iliyopita cha pili kimejaribiwa. Walifunga juu yake sanamu zito la mtu, wakalirusha mbele kwa nguvu ya kutisha. Kiti kikashika. Nimebaki, Babu! Mimi ni fundi wa hapa.

Ndiyo, kiti. Umeshaliona hilo neno, sasa cheka umalize. Siungi mabawa. Naunga vikalio vya viti vya abiria. Wewe unatengeneza viti, na mimi nimevuka dunia nzima kuja kutengeneza viti.

Kuna jambo moja linanikera. Nimeuliza kiwanda kizima, nani hukikalia kwanza? Wananijibu, sanamu. Nikawaambia kwetu kiti hakitoki hivyo. Walidhani natania. Basi sikiliza. Ndege ya kwanza kuwekewa viti hivi itatoka mji wenu kuja huku katikati ya Septemba, na kila fundi amepewa nafasi ya ndugu mmoja. Nafasi yako iko dirishani, na kikalio chake nimekiunga kwa mkono wangu. Njoo ukikalie. Mashine imesema mimi ni fundi, Mama Kipimo amesema, lakini wewe hujasema.

Mkeo

30 Julai

Mke wangu mdogo, fundi,

Salamu nyingi mno. Mapacha wameota meno, seremala kapata miwani mipya inayomwonyesha makosa yake ya zamani, pasi imepona ila inavuta kidogo kwenye kola.

Kwa habari ya nyundo nimecheka mpaka Bibi akaniletea maji. Halafu nikaenda nyuma ya karakana nikalia kidogo. Ukiulizwa, sema ulikuwa moshi. Nakupenda, mtoto wewe, na nyundo yako.

Viti ni kazi ya heshima. Nani anasafiri amesimama? Ila seremala kwa sasa bado anaendelea kujua kwamba ni mabawa, tusimchanganye mtu mzima.

Kuhusu kuja, ningetamani sana. Tatizo ni geti la zahanati, linatakiwa Septemba hiyohiyo. Na goti. Na koti langu la safari limeliwa na nondo begani. Na mtu lazima abaki kumwangalia paka. Isitoshe, mimi na plastiki hatuaminiani tangu lile jambo. Weka kiti hicho mahali salama, nitakuja kukikalia kikiwa chini.

Babu

Mke mwenzangu, uongo mtupu. Geti la zahanati lilikwisha mwezi uliopita na paka ananipenda mimi. Unajua kwa nini paa letu linavuja tangu mama yako yuko shule? Huyu mumeo hapandi ngazi. Akifika kipandio cha tatu anashikwa na kiu, anashuka kunywa maji, harudi. Anaogopa kwenda juu, na aibu ya kusema inamkaba. Nimemwambia aandike ukweli, kaandika nondo. Bibi.

19 Agosti

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi inaendelea, mikono mfukoni.

Nimeelewa kabisa. Geti la zahanati si jambo la mchezo, na nondo ni wadudu wabaya. Nilimpigia Bibi nimpe yeye nafasi, akasema hawezi kukuacha peke yako na pasi.

Basi ili kiti kisije kikaruka kitupu, nimemwandikia seremala. Ni mtu wa viti, anajua kukalia. Amejibu kwa kasi ambayo sijawahi kuiona posta. Anasema ataruka mara tatu kwa niaba yako, tena bila kunung'unika goti. Anachoomba tu ni apigwe picha akiwa amekaa, aikuze, aitundike ukutani kwake, upande ule unaotazama karakana yako.

Usijali, hutasumbuliwa tena.

Mkeo

14 Septemba, juu

Mke wangu mdogo, mchawi, mwongo, mtoto wa binti yangu,

Salamu kutoka juu, ambako bado sijatazama. Kipazia cha dirisha nimekishusha. Bibi yako mzima, alinisindikiza mpaka pale wanapokatazwa kuendelea, akanivika mkanda wa suruali kwa nguvu kama ananifunga nisirudi. Barua hii nitakupa mkononi, maana tarishi wa huku sijamwona. Mwandiko usiushangae, njia ya huku ina mashimo.

Ulipoandika habari za seremala nilivuka barabara nikiwa na grinda mkononi, hata sikuizima vizuri. Nikamwambia mbele ya wateja wake, "Kile kiti ni changu! Mjukuu ni wangu na kiti ni changu, hata usikiote!" Akaniuliza, "Kiti gani?" Nikamwambia usijifanye, kiti cha ndege anachounga mjukuu wangu. Akaweka randa chini. Akasema, "Kumbe ni viti. Si ulisema mabawa?" Nilikuwa nimesimama palepale, mdomo wangu mwenyewe umenimaliza. Hukumwandikia hata herufi moja, shetani wewe.

Nilidhani atacheka mpaka Krismasi. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Basi huyo ni mwenzetu." Akanipa koti lake la safari, halina nondo. Nimelivaa. Na kibao nimekirekebisha kabla sijaondoka, yeye ndiye aliyepanda ngazi akakitundika. Kinasema MAGETI, MADIRISHA, VITANDA, VITI VYA CHINI NA VYA JUU.

Nyundo yangu ndogo wameninyang'anya mlangoni. Niliwaeleza ni ya kugonga kiti tu, wakaita na mkubwa wao. Nikaingia hivyo hivyo. Ngazi ya ndege ni ndefu, nikafika kipandio cha tatu nikashikwa na kiu. Watu nyuma yangu walikuwa na mabegi. Nikajiambia, mtoto ameweka mikono mfukoni mpaka taa ikazimika, na mimi siwezi kupanda ngazi? Nikapanda. Bibi yako sahihi, naogopa. Nimeogopa maisha yangu yote, na ndiyo maana nilichagua magari yapite kwenye mageti yangu huko chini badala ya mimi kupita juu ya kitu.

Nikakipata kiti. Nimekipapasa chini, mama mmoja mwenye kofia aliyekaa jirani akavuta miguu yake. Hakuna msumari, hakuna mshono ninaouona. Nikakigonga kwa kifundo cha kidole nikaweka sikio. Ulisema kweli, hakisemi kitu. Basi nikakaa. Nikaruka mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu mhudumu alikuwa ameshafika: "Mzee, kuna tatizo?" Nikamwambia hakuna, nakipokea kiti, kaunga mjukuu wangu. Mama mwenye kofia akanitazama, akanyanyuka, akajiachia kwa uzito wake wote, na si mdogo. Akasema, "Cha kwangu nacho kizima."

Kisha chombo kikaanza kukimbia, na dunia ikaondoka chini yangu. Sina la kukuficha, niliita jina la mama yangu. Nikashika ukingo wa kikalio chako. Hata sasa mkono wa kulia unaandika, wa kushoto umebana. Ulisema kazi yote iko kwenye kubana, na mtu asiachie mapema. Mhudumu kaleta chai, nimemwomba anishikie kikombe. Sitaachia mpaka nikuone kwa macho.

Nimekaa, nimeruka, kimeshika. Mjukuu wangu, kiti chako kimetoka.

Mumeo halali,
fundi mwenzio